Upepo wa Mashariki Usirushie Ukingoni

Mahabusu ya Wanawake,
Singida.
14 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limepoa baada ya shughuli za mavuno. Mimi afya ninayo. Nakula, nalala, kikohozi kimeisha. Msalimie baba mdogo Damiani, mwambie sabuni na kanga alizokupa uniletee zimenifaa.

Mama, Jumanne nilipelekwa mahakamani, na kwa mara ya kwanza hakimu aliniuliza swali la maana. Wakili wa serikali alirudia yaleyale: kwamba kitu nilichokamatwa nacho ndani ya uzio wa mgodi ni drone, kina redio na betri, na nilikituma makusudi kuchungulia wanakoweka dhahabu. Nikasema ni glaida, ndege ya sponji niliyoiunda mwenyewe kuwafundishia fizikia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Haina injini wala kamera. Betri ni ya kugeuzia mkia tu. Upepo uligeuka ukaivuta chini hadi mgodini, nami nikapenya kwenye tundu la uzio kuifuata. Walinzi wa mgodi walicheka. Hakimu hakucheka. Aliuliza, "Kitu kisicho na injini kinakaaje hewani?" Nikamwambia kwa maneno haitaeleweka, labda aje aone. Amekubali. Mahakama itahamia pale kwetu, ukingoni mwa mteremko juu ya Shelui, siku moja itakayopangwa.

Tatizo ni kwamba mimi sitaruhusiwa kushika rimoti. Wakili amepinga, anasema nitafanya ujanja. Nilipoulizwa nani mwingine anaweza kurusha, nilikutaja wewe. Nisamehe, sikuwa na mwingine. Wanafunzi wangu wamekatazwa na wazazi wao hata kunitaja jina. Ile glaida niliyokamatwa nayo ni kielelezo, imefungwa mahakamani na bawa limevunjika. Lakini ile yangu ya kwanza iko juu ya dari la ghala, imefunikwa gunia, na rimoti yake ipo hapohapo. Iteremshe uiangalie kama panya hawajaila. Nikipata jibu lako nitakuelekeza yote.

Binti yako,
Leah


Kijijini, juu ya Shelui.
25 Juni 2024

Mwanangu Leah,

Hujambo? Mama yako sijambo, goti linauma kwa zamu, leo la kulia kesho la kushoto, sijui huwa yanaelewana saa ngapi. Damiani mzima, anakusalimu. Mtama tumeshapura, nimeupeta peke yangu siku tatu. Alizeti bado iko shambani. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja nimempa jina lako kwa sababu hasikii anapoambiwa.

Unakula nini huko? Usiniandikie "nakula" tu, niandikie chakula. Na unalala chini au kitandani?

Kuhusu lile lidude, tuliache kwanza. Mimi nina miaka sitini na mitatu, unataka nisimame mbele ya hakimu nikichezea kitu cha watoto? Watu huku wananiangalia nikienda kisimani kana kwamba nimeficha dhahabu kwenye ndoo. Hakuna njia nyingine? Huyo hakimu hawezi kusoma kwenye vitabu?

Mchungaji anasema barua zako zije kwa sanduku la kanisa kama hii ya kwanza. Hazipotei.

Mama yako,
Rahabu


Mahabusu ya Wanawake,
Singida.
4 Julai 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kusikia mtama uko ndani. Huyo mwanambuzi mwite jina lingine, nina kesi ya kutosha. Tunakula ugali na maharage. Tunalala chini, wanawake kumi na wanne kwenye chumba ambacho ningekataa kuweka madawati kumi. Ndivyo ilivyo, sitakuficha.

Mama, hukujibu nilichokuuliza. Panya wameila au hawajaila?

Nitakuandikia mambo ya upepo, hata kama bado hujakubali, kwa sababu nikiyaandika nakuwa pale kwetu kwa nusu saa. Humu upepo hauna upande. Ua ni mdogo na kuta ni ndefu, upepo ukiingia unazungushwa kama vumbi la kufagia, huwezi kujua umetoka wapi. Jambo hilo linaninyima raha kuliko maharage. Asubuhi nasimama katikati ya ua, nanyosha mkono, sijui chochote.

Upepo wetu wa kiangazi ni wa mashariki. Ukiwa hivyo, usirushie ukingoni hata siku moja. Ukingo wetu unatazama magharibi, huo upepo unakuja kwa mgongoni na kumwagikia bondeni, na chochote kilichomo unakwenda nacho chini. Ndivyo ilivyonikuta. Nilianza na upepo wa magharibi, mzuri kabisa, ghafla ukageuka. Nikavuta kijiti cha rimoti, nikageuza, nikafanya yote ninayoyajua. Ikashuka hadi karibu na tenki la maji la mgodi.

Kwa upepo wa mashariki nenda kwenye jabali lililo nyuma ya kanisa, upande wa macheo. Upepo unagonga jabali, unakosa pa kwenda, unapanda juu, na ndege inapanda nao. Ukingoni ni kwa upepo wa magharibi tu, ule wa alasiri unaotoka mbugani wakati mvua zinakaribia.

Nijibu, Mama. Naomba.

Leah wako


Kijijini, juu ya Shelui.
19 Julai 2024

Mwanangu Leah,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Mwanambuzi sasa anaitwa Shida.

Nimeanza barua hii mara tatu. Ndege haipo. Niliichoma.

Siku ile walipokukamata, baba yako mdogo alikuja mbio kusema polisi watakuja kupekua. Nikapanda ngazi na goti langu hili, nikaiteremsha, nikaipeleka nyuma ya choo nikaimwagia mafuta ya taa. Iliwaka kama nywele. Niliogopa wataikuta ya pili waseme una kiwanda. Polisi wenyewe walikuja, wakatazama chini ya kitanda, wakaomba maji ya kunywa, wakaondoka. Hata ghalani hawakupanda.

Rimoti sikuichoma. Niliona ni kama redio, nikasema redio haina kosa. Iko kwenye kopo la majani ya chai, pamoja na vile vimota vidogo viwili vya kugeuzia mkia na kibetri, nilivichomoa kwa kisu kabla ya kuwasha moto. Nimelifukia chini ya mtungi.

Najua umenikasirikia. Mimi pia nimejikasirikia. Ndiyo maana sikujibu.

Mama yako


Mahabusu ya Wanawake,
Singida.
16 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Umekaa wiki nne bila barua yangu, na si posta. Sikutaka kuandika. Nililia siku mbili, halafu nikakaa kimya hadi wenzangu wakamwita afande wakidhani naumwa. Nilikuwa nawaza kwamba mama yangu mwenyewe amechoma kitu pekee cha kunitoa humu. Nimekuambia ili liishe. Sasa limeisha.

Ulipoacha vile vimota na rimoti, uliacha kazi kubwa kuliko zote. Mengine ni sponji. Nenda Shelui kwenye maegesho ya malori, muulize Stanley wa malori ya samaki, ananifahamu. Atakupa yale maboksi meupe wanayobebea samaki kutoka Mwanza, yaliyovunjika hutupwa. Kata mabawa kwa wembe uliopashwa moto, urefu wa mkono wako kuanzia begani hadi ncha ya kidole, kila upande. Katikati pitisha ufito wa mwanzi. Sehemu ya juu ya bawa iwe na mgongo kama wa samaki, chini pawe bapa. Mbele weka msumari mzito, ukiisimamisha juu ya vidole viwili chini ya mabawa ikae sawa, isiiname kichwa wala mkia. Mchoro nimeuweka nyuma ya karatasi hii.

Kujifunza usianzie kwenye upepo. Anza siku tulivu, saa nne hivi, kwenye shamba lililolimwa. Irushe taratibu iteleze, izoee mkono. Ukiona mwewe anazunguka bila kupiga mabawa, hapo chini pana hewa ya moto inapanda, ipeleke hapo na iache izunguke naye. Upepo ukizidi nguvu, ongeza uzito tumboni, usipunguze. Ukizidi zaidi ya hapo, kaa nyumbani.

Kujua upande wa upepo, chota vumbi kidogo ulimwage kutoka usawa wa bega.

Leah


Kijijini, juu ya Shelui.
6 Septemba 2024

Mwanangu Leah,

Hujambo mwanangu? Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Nashukuru umesema yaliyo moyoni. Mimi mzima, Damiani mzima, Shida anakula hadi kanga.

Sasa sikiliza wewe mwalimu wa fizikia. Unanifundisha kumwaga vumbi? Mimi nimepeta mtama miaka arobaini. Unadhani uwanja wa kupuria nauweka pale ulipo kwa kupenda? Bibi yako alinionyesha: ukikosea upande, pumba zinarudi kwenye nafaka na wewe unatafuna mchanga mwaka mzima. Upepo wa asubuhi, wa saa sita, wa kabla ya mvua, nausikia kwenye shingo kabla haujafika kwenye ungo. Nilichokuwa sijui ni kwamba unaweza pia kubeba ndege.

Maboksi nilipata manne. Stanley aliniuliza ni ya nini, nikamwambia ya kutagia kuku. Nimeharibu wembe sita. Ndege ya kwanza ilikwenda kwenye zizi la jirani, nguruwe wakaila, kwa sababu ilikuwa inanuka samaki. Ya pili bado inanuka lakini inaruka. Kile kijiti cha kulia nilikuwa nakivuta kwa hasira, ikawa inainua kichwa halafu inaporomoka. Sasa nakigusa kama ninavyogusa jicho la mtoto mwenye kibanzi.

Juzi nilikuwa kwenye jabali nyuma ya kanisa, upepo wa mashariki umetulia. Nikairusha. Leah, ilipanda. Ilikaa juu yangu muda wa kuchemsha maharage, haina kelele, haina chochote, imesimama tu hewani kama imesahaulika pale. Mwenyekiti wa wanawake wa kanisa, Marietha, alitoka nje akanikuta nimetoa macho juu na mdomo wazi. Alikaa kwenye jiwe akatazama hadi ikashuka. Tangu wakati ule ananisalimia kisimani.

Jambo moja sijakuelewa. Nikiwa ukingoni, na wao wakaja siku ya upepo wa mashariki, nifanyeje? Niandikie haraka.

Mama yako


Mahabusu ya Wanawake,
Singida.
17 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naandika kwa haraka na kwa ufupi, nimeruhusiwa karatasi moja.

Barua yako nimeisoma mbele ya afande. Nilikuwa nimekujibu kurasa tatu. Wamezizuia. Wanasema maneno ya mashariki, magharibi, jabali na ukingo ni ramani, na huenda tunapangiana namna ya kuingia mgodini. Nimeambiwa nikiandika tena habari za upepo, barua zitakoma kabisa. Hata swali lako sina ruhusa ya kulijibu.

Mahakama inakuja kwetu tarehe 26 Septemba, saa tatu asubuhi.

Nitaletwa, lakini nitabaki ndani ya gari kule barabarani. Sitaona.

Fanya unavyojua, Mama.

Leah


Kijijini, juu ya Shelui.
27 Septemba 2024

Mwanangu Leah,

Nakusalimu sana. Jana niliona mkono wako kwenye wavu wa dirisha la gari, nikajua u hai. Umekonda mkono. Walinikataza kusogea. Goti halikuuma hata kidogo, sijui kwa nini, leo ndiyo linadai.

Nakueleza yote kwa kuwa wewe uliachwa barabarani.

Nilitoka nje saa kumi na moja alfajiri, nikausikia kwenye shingo. Mashariki, na wenye nguvu. Nilikaa chini. Nilikuwa nimemwomba Mungu upepo mmoja tu wa magharibi, asubuhi moja.

Walikuja hakimu, wakili wa serikali, karani, na mkuu wa walinzi wa mgodi. Hakimu alichukua ndege akaigeuzageuza, akafungua tumbo, akatazama ndani, akainusa. Akasema, "Hii inanuka sangara." Nikamwambia ndiyo, Mheshimiwa, ni boksi lake. Karani aliandika hilo pia.

Nikamwomba twende kwenye jabali nyuma ya kanisa, nikamweleza sababu. Wakili akakataa, akasema eneo la tukio ni hapa ukingoni, hatukuja kutalii. Basi nikaona heri niseme kabla. Nikamwambia hakimu, "Mheshimiwa, kwa upepo huu haitakaa juu. Nikiirusha kutoka hapa itavutwa chini na itaangukia ndani ya ule uzio, karibu na lile tenki." Karani akaandika. Nikairusha. Nilipambana nayo, mwanangu, nilitamani niwe nimekosea. Ilitua hatua ishirini kutoka kwenye tenki.

Wakili akasema nimeiangusha makusudi, kwamba nimefundishwa. Mkuu wa walinzi alikuwa ameshaenda kuileta, bawa limepasuka kidogo, nikaliziba kwa selotepu. Hakimu akamtazama wakili akasema, "Basi ishike wewe. Ipeleke unakotaka, isipokuwa mgodini."

Nilimfundisha pale pale, kijiti hiki kushoto na kulia, hiki juu na chini. Alivua koti. Nikamrushia. Ilienda sawa kama pumzi tatu, akaanza kutabasamu, kisha ukingo ukaichukua. Alivuta kijiti hadi nikadhani kitakatika, akaegemea mwili wote upande wa kushoto kana kwamba yeye ndiye mwenye mabawa. Ikashuka, ikaruka uzio, ikagonga tenki kabisa. Tulisikia mlio.

Mkuu wa walinzi akaniuliza mimi, kwa adabu, kama anapaswa kumkamata wakili. Hakimu aligeukia bondeni, akajifanya kukohoa. Uamuzi ni Ijumaa, tarehe 4 Oktoba.

Ningeishia hapa ungefurahi. Lakini kuna neno moja nimelibeba tangu Mei, na leo sitaki kulala nalo.

Nilikuandikia kwamba niliichoma ndege kwa kuogopa polisi. Si kweli. Siku waliponiambia umekutwa ndani ya uzio, nilikaa kwenye kigoda nikajiambia, labda kweli. Nilikumbuka mwaka jana, paa lilipovuja, ulisema dhahabu iko chini ya miguu yetu na sisi tunakula uwele. Neno hilo lilinirudia likakaa. Niliichoma kwa sababu niliamini umeiba, na nilitaka kukuficha. Nilikuja kukuona Juni, nikakuletea sabuni, nikakutazama kwenye wavu, na bado niliamini. Nilijua umesema kweli mwishoni mwa Agosti, nilipokwenda kurushia ukingoni kwa ubishi wangu siku ya upepo wa mashariki, ndege ikavutwa mkononi mwangu ikashuka kulekule. Ilinibidi nishuke hadi kwenye tundu lako la uzio, nikaivuta kwa fimbo. Nilikaa pale chini nikalia.

Miezi mitatu, Leah. Miezi mitatu mama yako alikuwa upande wa wakili. Wewe ulipoulizwa unamwamini nani ashike rimoti, ulinitaja mimi.

Nijibu hata kama ni kwa hasira.

Mama yako,
Rahabu


[Kwenye bahasha, kwa wino mwekundu:]
Irudishwe kwa mtumaji. Mahabusu Leah aliachiwa huru tarehe 4/10.


Nyumbani.
19 Oktoba 2024, asubuhi

Mwanangu Leah,

Hujambo? Najua hujambo, nakusikia unakoroma chumba cha pili. Ni ajabu kumwandikia mtu uliyempikia uji jana, lakini kinywani neno hili halitoki. Nimejaribu mara nyingi, nikakuongezea sukari badala yake.

Barua iliyo chini ya hii ilirudi Ijumaa ya wiki iliyopita. Mchungaji alinipa mkononi nje ya kanisa, imefungwa vilevile nilivyoifunga, na wewe ulikuwa hatua tano kutoka kwangu ukicheka na Marietha. Niliificha kwenye kanga. Siku nane nimekuona ukicheka, ukinisifu kwa watu kwamba bila mama usingetoka, na kila ukisema hivyo natafuta kazi ya kufanya nje. Nilifikiri kuichoma. Mafuta ya taa nilishayashika. Nikakumbuka kuchoma kumenifikisha wapi.

Naiweka juu ya meza, chini ya kikombe chako. Isome yote. Ukimaliza usinitafute kwa maneno.

Nakwenda kwenye jabali nyuma ya kanisa, nimeichukua ndege, upepo leo ni wa mashariki. Nitakaa huko hadi utakapobadilika. Rimoti nimeiacha hapa mezani, kwa hiyo sina cha kurusha mpaka uje nayo.

Mama yako